Mlango wa Dereva

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana, na Shangazi ameingia nayo karakanani, viatu mkononi, mtandio umelowa chapachapa. Hakukaa. Alisimama kando ya mashine ya kusugulia, akasubiri niizime, kisha akasema anataka nimtengenezee kifaru. Nilicheka. Yeye hakucheka, ikabidi nami nifunge mdomo.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya Daktari, chenye dirisha moja, meza moja, na mashine inayopiga kelele kuliko mimi. Mtaani wananiita Mama Meno. Naishi na Baba. Mume wangu tuliachana kwa amani, yaani yeye alibeba friji nami nikabaki na amani.

Shangazi ni dada yake Baba, wa kuzaliwa tumbo moja. Mumewe alikuwa dereva wa kifaru cha kijeshi, akafia ndani yake vitani miaka arobaini na moja iliyopita. Kifaru kile kilikuwa na watu wanne: kamanda, mpakia makombora, mpiga mzinga na dereva. Kilipopigwa, watatu walitoka na dereva hakutoka. Mpiga mzinga alikuwa Baba.

"Nataka nione alipokaa," Shangazi alisema. "Na nataka nijue kwa nini wenzake walitoka, yeye asitoke. Baba yako hajaniambia la maana mpaka leo."

Mvua zikikata anahamia kwa bintiye, mbali, na hategemei kurudi. Nikamwambia mimi nachonga meno, sichongi vifaru. Akasema anajua, na mtu anayeweza kutengeneza jino likafanana na jino hawezi kushindwa na bati. Nimekubali, na tangu nikubali sijaweza kutulia kwenye kiti.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwomba Baba vipimo. Akasema mambo hayo yamekwisha, akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimechora kutoka kwenye picha ya gazeti la zamani. Kipimo changu ni moja kwa thelathini na tano: kiwiliwili cha kifaru sentimita kumi na nane, mtu mzima hafiki sentimita tano. Nimefuta mara nne.

Jumanne, 19 Machi

Baba kaja karakanani akilalamika kwamba meno yake ya chini yanamchoma. Meno hayo nimeyatengeneza mwenyewe na hayana shida yoyote. Akavua, akaniwekea mezani, akajitia anatazama mvua dirishani, huku jicho liko kwenye magurudumu niliyopanga kwenye kitambaa.

Alivumilia kama dakika mbili. Halafu, bila meno, akaniambia nimekosea. Magurudumu ni matano kila upande, sawa, lakini kati ya la kwanza na la pili pana nafasi kubwa kuliko kwingine. Nikamwuliza kubwa kiasi gani. Akaonyesha kwa mikono, akaona haitoshi, akachukua penseli. Mpaka kliniki inafungwa alikuwa amenichorea kifaru kizima, juu, ubavuni na nyuma, na kunisomea somo juu ya kila msumari. Nilimpenda sana Baba leo. Alisimama wima kama kijana.

Kitu kimoja hakuchora. Mbele, upande wa kushoto, anapokaa dereva, kaacha karatasi nyeupe. Nilipomwuliza, akaniuliza meno yake yako wapi.

Jumamosi, 23 Machi

Pingili za mnyororo: tisini kila upande. Nachonga moja kwa nta, natengeneza kalibu ya plasta, namimina akriliki, ile plastiki ya kazi yetu, kama ninavyomimina ufizi. Leo nimetoa ishirini na mbili. Saba zimevunjika.

Shangazi kapita kutazama. Nilisahau kumwonya kwamba akriliki yangu ni ile ya ufizi, kwa hiyo kifaru kizima ni cha rangi ya waridi mpaka kitakapopakwa. Akakiangalia kwa muda mrefu. Akasema kama vita vingepiganwa kwa vifaru vya namna hii, watu wangekufa kwa kicheko.

Jumapili, 24 Machi

Pingili thelathini na moja.

Jumatatu, 25 Machi

Umeme umekatika saa nne asubuhi, na mimi na mikono yangu tumekaa tunatazamana. Nimefagia chumba mara tatu.

Jumanne, 2 Aprili

Pingili zote mia na themanini zimekwisha na minyororo imekaa. Nimeanza watu. Kamanda na mpakia makombora nimewachonga haraka, mmoja kwa asubuhi, mmoja kwa mchana. Kwa mpiga mzinga nilimtazama Baba akinywa chai, nikamtoa miaka arobaini usoni.

Shangazi kaniletea picha ya mumewe, ile ndogo ya kitambulisho, pembe moja imeliwa na mende. Kijana mwembamba, masikio makubwa, anaitazama kamera kama aliyeambiwa asicheke. Nimefanya kazi kwa miwani ya kukuzia mpaka shingo ikakakamaa. Ndani ya mdomo wake nimemchongea meno, ya juu na ya chini, kisha nikaufunga mdomo. Hakuna atakayeyaona. Nilipomwambia Daktari akasema nahitaji likizo.

Daktari ana malalamiko mengine pia. Taya la bandia la mzee wa duka la vitambaa lilikuwa liwe tayari Ijumaa, na halijaanza. Nimemwahidi kesho.

Jumatano, 3 Aprili

Sijagusa taya la mzee.

Jumanne, 9 Aprili

Mimi siwezi kutengeneza kitu kisichofunga na kufunguka. Ni ugonjwa wa kazi: meno yasiyokutana si meno, ni mapambo. Kwa hiyo kichwa cha kifaru changu kinazunguka, mtutu wa mzinga unapanda na kushuka, na mifuniko ya milango yote inafunguka kwa bawaba za waya wa meno. Mlango wa dereva, ambao Baba hakuuchora, nimeupata kwenye picha ya gazeti. Uko juu ya kichwa chake, mbele kushoto, na mfuniko wake huinuka kwanza ndipo usogee pembeni.

Leo nimepima kama ninavyopima mdomo wa mgonjwa. Tunayo karatasi ya bluu: unaiweka kati ya meno, mtu anauma, panapogusana panabaki doa. Nikaweka karatasi juu ya mfuniko wa dereva, nikazungusha kichwa cha kifaru kidogo kidogo, na kila mahali nikafungua mlango. Mtutu ukiangalia kulia, mlango unafunguka. Ukiangalia nyuma, unafunguka. Ukiangalia mbele kabisa na kuinuliwa, unafunguka.

Mtutu ukigeuka kushoto kidogo na kuinamishwa, mfuniko unapanda upana wa uzi tu, unagonga, basi. Nilijaribu mara nyingi. Nikadhani nimekosea vipimo, nikapima upya kwa michoro ya Baba. Vipimo viko sawa. Chini ya mtutu kuna doa la bluu dogo kama punje ya mtama.

Nimetoka nje nikasimama chini ya ukingo wa paa, maji yananirukia miguuni. Anayezungusha kichwa cha kifaru ni mpiga mzinga.

Jumatano, 10 Aprili

Baba kaja kukagua kazi, mchangamfu, ana neno la kusema juu ya rangi ya kijani niliyoichanganya. Akakishika kifaru, akakigeuza, akaliona doa. Nilimwona alivyoliona. Akaweka kifaru chini polepole sana.

"Kigundishe kichwa," akasema. "Kiangalie mbele moja kwa moja. Kisizunguke."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema kifaru cha kuwekwa kabatini hakina haja ya kuzunguka, akaondoka bila mwavuli, na mwavuli wake ulikuwa mlangoni akiupita. Nyumbani tulikula. Redio iliongea peke yake.

Ijumaa, 12 Aprili

Gundi iko mezani. Nimeifungua, nimeifunga.

Jumamosi, 13 Aprili

Shangazi alifika asubuhi mvua ikiwa nyembamba. Kifaru kilikuwa mezani, kichwa kimeangalia mbele, mtutu juu. Nilikuwa nimefuta doa. Akauliza mlango wa mumewe ni upi, nikamwonyesha. Akaufungua kwa ukucha, akachungulia, akamwona ameketi na mikono yake kwenye vyuma vya kuendeshea. Alimtazama bila kupepesa.

Kisha akauliza kama mlango huo hufunguliwa kwa ndani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mtu mmoja anaweza kuufungua, bila kusaidiwa. Nikasema anaweza. Hapo ndipo akavuta kiti akakaa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja hapa.

Akaniambia jambo ambalo, anasema, hajawahi kumwambia mtu, hata bintiye. Asubuhi mumewe alipoondoka kwenda vitani waligombana. Yeye alikuwa na mimba ya miezi mitatu, mume alikuwa amejiandikisha tena jeshini bila kumwuliza. Maneno yalikuwa mengi na ya mwisho yalikuwa ya kwake. Alimwambia: nenda, na usirudi. Mume akachukua begi akatoka. Hakugeuka.

"Baba yako alipokuja na habari, aliniambia mume wangu alikufa ametulia," alisema. "Kwamba alikaa tu kama aliyelala, hakujitikisa. Alidhani ananifariji. Mtu mlango anao, mikono anayo, wenzake wanatoka, yeye ametulia. Maana yake nini, mwanangu? Mimi nilimwambia asirudi. Akanisikiliza."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Miaka arobaini na moja amekuwa nayo hiyo. Ningeweza kunyoosha kidole, nikazungusha kichwa cha kifaru sentimita moja, na kumwonyesha. Lakini lile halikuwa langu la kusema, na vilevile niliogopa, niseme ukweli wangu wote. Nikamwambia rangi haijakauka, arudi baada ya wiki mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua kubwa. Baba kauliza kama nimeshagundisha. Nikasema gundi imeisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekosea taya la mzee wa duka la vitambaa. Nimepanga meno ya kushoto kulia. Miaka kumi na tisa ya kazi sijawahi. Daktari kanirudishia mezani.

Jumatano, 17 Aprili

Siwezi kumtazama Baba akila. Mikono yake ile ile inamega mkate, inanisogezea sukari. Namwona mzee wa watu, nikigeuka namwona kijana anaruka chini anakimbia. Namkasirikia, kisha najikasirikia, kisha naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Maji yameingia karakanani. Nimekipandisha kifaru juu ya kabati.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa jikoni, yeye anamenya viazi, mimi nasimama nakaa, nasimama nakaa, mpaka akaniuliza kama nina siafu. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia: Baba, najua mtutu ulikuwa wapi. Hakuacha kumenya. Nikamwambia sikuja kumhukumu, sijawahi kukaa ndani ya chuma kinachowaka. Bado anamenya. Kiazi kilibaki kidogo kama gololi.

Ndipo nikamweleza anachoamini Shangazi. Ugomvi wa asubuhi, maneno ya mwisho, na yale maneno yake mwenyewe Baba, kwamba alikaa ametulia kama aliyelala, yalivyofanya kazi kichwani mwa dada yake miaka yote hii. Kwamba anaamini mumewe alikaa kwa kusudi, na aliyemkalisha ni yeye.

Baba akaweka kisu.

"Kwa kusudi?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilisema vile asiumie."

Nikasema najua. Akarudia tena, kwamba alisema vile dada yake asiumie, na mara ya tatu hakuimaliza sentensi. Sijawahi kumwona Baba akilia na sikumwona leo, kwa sababu alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye mvua, na mimi sikumfuata. Viazi nimevipika mimi. Hatukuvila.

Jumanne, 23 Aprili

Baba hajaulizia gundi.

Ijumaa, 26 Aprili

Jua saa mbili nzima. Baba kapiga pasi shati lake jeupe, akaniuliza Shangazi anakuja saa ngapi kesho.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika mara tu baada ya wao kuondoka, nisije nikaanza kupamba.

Baba alitangulia. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono magotini. Shangazi alipoingia na kumkuta alishangaa, akamsalimia, akauliza kama naye ameitwa kuona maonyesho. Kifaru kilikuwa tayari, kijani, kimechakaa panapostahili, tope kwenye minyororo. Watu wote wanne ndani, milango imefungwa.

Baba alisimama, akanyoosha mkono, akashika kichwa cha kifaru kwa vidole viwili. Akakizungusha kushoto. Akainamisha mtutu, akapima kwa jicho, akausogeza unywele mmoja zaidi.

"Kilikuwa hivi," akasema. "Mfungulie mumeo."

Shangazi akaweka ukucha chini ya mfuniko akainua. Ukagonga mtutu. Akainua tena. Sauti yake ni ndogo mno, kama kokoto kwenye kikombe. Aliinua mara tano au sita, kisha akaacha kidole hapo hapo.

Baba akasema yote, amesimama, akitazama kifaru. Kombora liliwaingia nyuma, kwenye injini. Umeme wa kuzungushia kichwa ulikatika hapo hapo. Kando ya kiti cha mpiga mzinga kuna gurudumu la mkono, la kuzungushia umeme ukikosekana. Ilitakiwa alizungushe mara kumi, labda kumi na mbili, mtutu uondoke juu ya mlango. Moshi ulikuwa umejaa. Kamanda akatoka, mpakia akatoka, naye akatoka. Shangazi akauliza kama mumewe hakuweza kupitia kwao. Baba akasema nyuma ya kiti chake palijaa makombora, hapapitiki.

"Na yeye alikuwa anafanya nini?" Shangazi akauliza.

"Alikuwa anagonga. Nilikuwa nimeshafika chini, nimesimama kwenye majani, nausikia mfuniko unagonga mtutu. Anagonga, anapumzika, anagonga tena."

"Muda gani?"

"Mrefu."

Nilidhani Shangazi ataanguka, nikasogea. Hakuanguka. Alisema, si kwetu, alisema kwenye meza: "Kumbe alitaka kutoka." Akasema tena: "Alikuwa anataka kutoka." Uso wake ulilegea, na naona haya kuliandika hili, lakini ilikuwa furaha. Kwa muda mfupi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote niliowahi kuwaona katika chumba hiki, na hapa nimewaona watu wakivaa meno mapya.

Halafu akamgeukia kaka yake na furaha ile ikaondoka yote.

"Zungusha," akamwambia.

Baba hakuelewa. Mimi nilielewa.

"Zungusha, Kaka. Sasa hivi hakuna moshi."

Vidole vya Baba viliteleza mara mbili kwenye rangi. Mara ya tatu kichwa kikazunguka, mtutu ukaondoka juu ya mlango, ukaelekea kulia. Shangazi akaufungua mfuniko. Ulifunguka kirahisi, kazi yangu ni nzuri. Akaingiza kidole na kidole gumba, akamtoa mumewe, akampuliza vumbi ambalo halikuwapo, akamfunga kwenye leso. Leso akaitia kifuani.

Akaniaga mimi. Akanishukuru, akanibusu mkono ule ninaoshikia kisu cha nta. Kifaru hakukigusa tena. Alipomfikia Baba mlangoni alimpisha apite kwanza, kama unavyompisha mtu usiyemjua, naye Baba akapita.

Jumapili, 28 Aprili

Manyunyu.

Jumatano, 1 Mei

Taya la mzee wa duka la vitambaa limekaa barabara. Kacheka mbele ya kioo, kajing'ata ulimi, kacheka tena. Baba anakuja karakanani kila asubuhi, anakaa, anakitazama kifaru, saa sita anaondoka. Nimemwuliza kama nikitoe mezani. Akasema kikae.

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi kahama. Gari la mizigo lilifika asubuhi, barabara imeshakauka. Nilikwenda kusaidia kufunga vyombo. Baba alitaka kuja, akafika mpaka mlangoni, akarudi kubadilisha viatu, akachelewa kuvibadilisha. Shangazi hakumwulizia.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya sita bila mvua. Bintiye Shangazi kapiga simu mchana, Baba akiwa kiti cha pili, mkate mkononi.

Dada yangu huyo alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Anasema mama yake kafika mtu mwingine. Anakula, anaimba akifua, anakaa kibarazani na mtu mdogo wa plastiki mkononi, na kila jirani anayepita anamsimamisha kumwambia kwamba mume wake alikuwa anarudi nyumbani, alipiga mlango mpaka mwisho. Akaniuliza ni nani kamwambia hayo. Nikasema ni hadithi ndefu, mama yake atamweleza akitaka. Akasema amemwuliza, na mama yake amesema ni fundi wa meno.

Nilipoweka simu, Baba alikuwa ameacha kutafuna. Akauliza Shangazi hajambo. Nikasema hajambo kabisa. Akaokota makombo ya mkate mezani, moja moja, akayaweka kwenye sahani.

"Mimi kanitaja?" akauliza.

Neno la kumdanganya lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, zuri, la kumtuliza mzee. Nikamwambia hajamtaja.